Misimu (maneno ya mtaani) ya Kiaustralia na picha tulizokuja nazo kichwani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila mtu anayekaribia kupanda ndege kuja huku ananitumia maswali yaleyale WhatsApp, nyoka, mamba, Kiingereza chao kikoje, kweli wote walevi? Nimechoka kurudia voisi noti zilezile, nimeyaweka yote hapa. Mimi niko Melbourne, upande wa magharibi, mwaka wa tisa sasa, nimefanya kazi godauni na nimeendesha gari la kusambaza mizigo, kwa hiyo mengi ni ya huku kwetu, mtu wa Perth au Darwin akinibishia ana haki yake. Ila nikwambie mapema tu, miaka yote hii nyoka hajaniuma hata mmoja, maneno ndo yameniuma mara nyingi.

## Masikio kwanza

Kiingereza nimesoma tangu shule ya msingi na mtihani wa Kiingereza wa IELTS nimefaulu vizuri. Mbona nasikia watu wanasema siku ya kwanza huelewi kitu?

Kwa sababu ulichosoma ni Kiingereza cha taarifa ya habari. Huku neno linakatwa mkia, linamezwa kati, afu linaunganishwa na lenzake. "How ya going?" inakufikia sikioni kama neno moja tu na wewe unabaki unatafuta unaenda wapi. Hauendi popote, ni salamu. Jibu lake "good, you?" basi, tembea. Ichukulie kama "mambo", hakuna mtu anayeambiwa "mambo" akaanza kueleza mambo yake.

Nyingine ni "you right?" ya dukani. Wiki yangu ya kwanza niko kwenye shelfu la sabuni nalinganisha bei, kijana wa duka akaja akaniuliza "you right?" kwa sauti ya kawaida kabisa, mimi nikasikia kama ananiuliza niko sawasawa kichwani au ndo nimeshashukiwa wizi. Nikarudisha sabuni, nikaonyesha mikono yangu mitupu, nikatoka. Kumbe alikua anauliza "nikusaidie?" tu. Sabuni nikanunua duka lingine, ghali zaidi.

Kwa nini wanafupisha kila neno?

Sisi wenyewe tunafanya sana, Abdallah anakua Dulla, Mohamedi anakua Mudi, Khadija anakua Dija, na ukimwita mtu Abdallah kamili ujue either umekasirika au uko mahakamani. Na huku ni hivyohivyo, Barry ni Baz, Sharon ni Shaz, Gary ni Gaz. Tofauti ni kwamba wao hawaishii kwenye majina ya watu, wanaingia mpaka kwenye vitu na kazi za watu, wanakata neno halafu wanabandika "o" au "ie" mwishoni. Hata McDonald's mwaka 2013 ilibadilisha mabango ya baadhi ya matawi yake yakaandikwa Macca's, maana hakuna mtu aliyekua analiita kwa jina lake.

Wengi wanadhani ni uvivu wa kuongea. Sio. John ni jina fupi tayari lakini wanalirefusha liwe Johnno, Smith anakua Smithy. Ni mazoea, kukwambia kwamba kati yetu hakuna suti na tai. Siku watakapoanza kukukata jina lako, na watakukata, chukulia umekaribishwa. Kama unataka jina lako kamili litamkwe sema siku ya kwanza, tena kwa uso wa kawaida, ukisubiri mwezi wa tatu ushachelewa.

Nina wiki mbili kabla ya safari. Nijifunze yapi kwanza?

Usikariri zile orodha za mitandaoni zenye maneno 200, nusu yake nimeyasikia kwa wazee tu. Chukua yale ya kazini na barabarani. "Arvo" ni mchana kuanzia saa sita mpaka jioni, ukiambiwa "this arvo" ni leoleo. "Servo" ni sheli. "Tradie" ni fundi, awe wa umeme, bomba au matofali, na fundi huku anaheshimika na ana hela, ondoa ile picha ya nyumbani ya kumkimbiza fundi na advansi yako. "Ute" ni pikapu. "Brekkie" ni chai ya asubuhi. "Bottle-o" ni duka la pombe, "mozzie" ni mbu, "chook" ni kuku, "snag" ni soseji, "esky" ni lile boksi la kuwekea barafu na vinywaji. "Heaps" ni nyingi, "keen" ni kuwa na hamu na kitu, "reckon" ni "naona mimi".

"Thongs" ni ndala. Kwingineko neno hilo ni chupi, kwa hiyo ukisoma tangazo la kazi linasema usije na "thongs" usiingiwe na mawazo, wanataka uvae buti.

Na dukani: "capsicum" ni hoho, "doona" ni duveti, na ukiona bango limeandikwa "Manchester" sio jezi za mpira, ni mashuka na taulo. Hili la mwisho limewapoteza Watanzania wengi kuliko msitu.

Smoko ni nini? Mimi sivuti sigara.

Hata mimi sivuti, na hapo ndo nilipoumia. Kazi ya kwanza godauni, saa nne asubuhi msimamizi anapita anasema "smoko, mate", mimi namjibu "no thank you, I don't smoke", naendelea kupanga maboksi. Wenzangu wote wanatoka. Nikasema hawa jamaa wanavuta kweli. Kesho yake hivyohivyo. Ikaenda hivyo karibu wiki tatu, mimi mgongo unauma, jamaa wananiangalia kama mtu anayetafuta kuonekana mbele ya bosi. Mpaka mama mmoja wa Kivietnamu, yuko pale miaka kumi na kitu, akanivuta mkono akaniingiza kwenye chumba, nikakuta watu wanakula mikate na chai, hakuna sigara hata moja.

Smoko ni chai ya saa nne. Zamani ilikua kweli ya kuvuta, jina likabaki. Ni haki yako, kunywa chai yako, na ukikataa kila siku wenzako wanaona unawaharibia.

"Yeah nah" ni ndiyo au hapana?

Hesabu neno la mwisho. "Yeah nah" ni hapana, ila nimekusikia. "Nah yeah" ni ndiyo. Kuna watu wanaenda mpaka "yeah nah yeah", nao neno la mwisho ndo hukumu. Kazi ya lile la kwanza ni kulainisha, hawapendi kumkatalia mtu usoni, sawasawa na fundi wa kwetu anavyosema "inshallah kesho" wote tukajua kesho haiji.

Bosi kaniambia kazi yangu ni "a bit average". Si ni wastani, nimepita?

Hapana ndugu yangu, hujapita. Hawa watu wanashusha kila kitu chini, kizuri na kibaya. "Not bad" ni nzuri sana. "Pretty good" ni nzuri. "Average" ni mbaya, na "ordinary" ni mbaya vilevile. Mtu kavunjika mguu anakwambia "bit sore". Ukisikia mtu wa hapa kasema "I'm not too happy about that" kwa sauti ya chini, jua kakasirika kweli. Mimi niliambiwa paleti yangu ni "bit average", nikashukuru, nikapanga nyingine tano zilezile, jioni zote zikafumuliwa.

"Mate" namwita nani?

Karibu kila mtu, mwanaume zaidi. Lakini lisikilize kama unavyosikiliza "bwana" kwetu. "Karibu bwana" ni moja, "we bwana wee" ni nyingine, na ukisikia "bwana, sikiliza" ujue kuna ugomvi unakuja. "Mate" ikiwa fupi na nyepesi ni salamu. Ikivutwa, "maaate", ni furaha au mshangao. Ikitamkwa taratibu mwisho wa sentensi na mtu kakukazia macho, "listen, mate", rudi nyuma hatua moja. Na kuna kazi ya siri ambayo naipenda, inakuokoa ukisahau jina la mtu. Nina majirani wawili, miaka minne sasa, wote ni "mate" na nadhani na mimi kwao ni hivyohivyo.

Nimealikwa nyumbani kwa mtu, kaandika "bring a plate". Hawana sahani?

Wanazo. Maana yake njoo na chakula kwenye sahani cha kula watu wote. Wageni wengi wamefika na sahani tupu iliyooshwa vizuri, sio wewe wa kwanza. Peleka sambusa, zikifika mezani zinaisha kabla ya kila kitu, na utaulizwa resipe. "BYO" ni uje na kinywaji chako. Na ukiambiwa "come for tea" uliza kwanza, kwa wengi, hasa wazee, hiyo ni chakula cha usiku, usije umeshiba.

## Picha za kwenye TV

Nyoka, buibui, mamba. Tutapona?

Mtapona. Nyoka wenye sumu kali wapo kweli, yule wa kahawia anafika mpaka viunga vya mji wakati wa joto, lakini nchi nzima yenye watu kama milioni 27 wanaokufa kwa nyoka kwa mwaka ni wawili watatu hivi. Farasi na ng'ombe wanahusika na vifo vingi kuliko nyoka, na hakuna mtu anayeniuliza kuhusu farasi. Buibui wa Sydney anayeitwa "funnel-web" ndo mbaya zaidi, ila tangu dawa yake ilipopatikana 1981 hakuna kifo kilichothibitishwa kutokana naye. Sisi tuliokua tunakung'uta viatu asubuhi kuangalia nge tabia tunayo tayari, endelea nayo.

Mamba ni suala lingine, usifanye utani. Yule wa maji chumvi yuko kaskazini, Darwin, kaskazini ya Queensland, Kimberley. Huko kibao kikisema usiogelee, usiogelee, hata maji yakiwa yametulia kama kioo. Mtu wa Rufiji haitaji kuelezwa hili. Melbourne na Sydney hakuna mamba mitoni, ukimtaka nenda zuu.

Halafu watakutisha na "drop bear", koala mkubwa anayeangukia watu kutoka juu ya mti. Hayupo. Ni utani wanaomfanyia kila mgeni kwa uso mkavu kabisa, na ukiuamini watafurahi mwezi mzima.

Kangaruu wanaruka mtaani?

Mjini kati, hapana. Ukitoka nje kidogo, uwanja wa gofu au shambani, utawaona jioni wamekaa kama wazee kibarazani. Hatari yao iko barabarani, alfajiri na magharibi, anaruka ghafla mbele ya gari na hana breki, ndo maana pikapu za shamba zina vyuma vizito mbele. Nilipokua nasambaza mizigo njia za nje ya mji nilikua namaliza kabla ya jua kuzama, sio kwa sababu nampenda bosi. Na ndiyo, nyama yake inauzwa supamaketi, nyekundu, haina mafuta, ukiichoma kama mbuzi inakua kiatu.

Ile hadithi kwamba mzungu aliuliza "huyu mnyama anaitwaje" akajibiwa "sielewi", ndo likaja jina kangaroo, ni uongo mtamu. Neno ni "gangurru", la Kiguugu Yimithirr, lugha ya watu wa kaskazini ya Queensland, waliliandika watu wa msafara wa kapteni Cook, Mwingereza, mwaka 1770 meli yao ikiwa inatengenezwa kule Endeavour River. Wenyeji waliulizwa, wakaelewa, wakajibu sahihi.

Kwa hiyo hawachomi "shrimp on the barbie", yaani kamba wa kuchoma?

Kuchoma wanachoma sana, ila hawasemi hivyo. Maneno hayo yalitoka kwenye tangazo la utalii la 1984, la mchekeshaji wao Paul Hogan, likitangazwa Marekani, na neno likachaguliwa ili Wamarekani waelewe. Huku kamba anaitwa "prawn". Ni kama mtu wa Dar aonekane kwenye tangazo anasema kwa lafudhi ya nchi nyingine kwamba anachoma uduvi. Bia ya Foster's nayo ni hivyo, inajulikana nje kuliko nyumbani, sijawahi kumuona mtu hapa anaiagiza.

Ile kofia ya ngozi na kisu kiunoni ya kwenye filamu usiitafute. Nchi ni kubwa kama Tanzania mara nane, lakini zaidi ya nane kati ya kumi wanakaa ndani ya kilomita 50 kutoka baharini, na wengi wao ni watu wa mji, foleni, mkopo wa nyumba, kahawa. Tena kahawa! Melbourne wanabishania kahawa kama sisi tunavyobishana Simba na Yanga. Mtu mgumu ana tatuu mpaka shingoni anaagiza "flat white" ya maziwa ya shayiri.

Kila mtu ni mlevi? Mimi ni Muislamu, ntaishije?

Utaishi vizuri tu. Pombe ipo kila shughuli, hilo siwezi kukudanganya, lakini kila mwaka nakutana na wengi wasiokunywa kabisa. Kitu cha kujua ni "shout": mtu akisema "my shout" anawanunulia wote, na zamu inazunguka. Usipokunywa bia agiza soda, ila zamu yako ikifika toa hela kama wengine au sema mapema haumo kwenye mzunguko. Anayekunywa za wenzake nne akaaga zamu yake ilipokaribia, huyo jina lake limeisha, na hii sio ya Australia peke yake, hata kijiweni kwetu mtu wa hivyo anajulikana.

Si ni nchi ya wafungwa hiyo?

Meli za kwanza zilifika 1788, na hadi 1868 Uingereza ilikua imeleta wafungwa zaidi ya 160,000, wengine kwa makosa kama kuiba nguo. South Australia haikupokea kabisa na watu wa Adelaide watakukumbusha hilo bila kuulizwa. Kwa leo picha hiyo haina kazi, sensa ya 2021 ilionyesha karibu nusu ya watu wana mzazi angalau mmoja aliyezaliwa nje. Kwenye shifti yangu ya godauni watu kumi na mbili, waliozaliwa hapa walikua watatu. Na wenye babu mfungwa siku hizi wanajisifia.

Kuna joto mwaka mzima?

Njoo Julai Melbourne uone. Baridi yenyewe sio kali kama Ulaya, ni kama Njombe, shida ni nyumba, wamejenga kama vile baridi ni tetesi, upepo unapita chini ya mlango, ndani unavaa koti. Krismasi ni joto, hilo halitakushangaza ila litawashangaza wenzako wa Ulaya. Melbourne wanasema misimu minne kwa siku moja na mara hii hawatanii, beba sweta hata ukiona jua.

Ila jua la kiangazi liheshimu. Kampeni yao ya "Slip, Slop, Slap" ilianza 1981, vaa shati, paka krimu, vaa kofia, na shuleni bado kuna sheria kwamba mtoto asiye na kofia hachezi nje, anakaa kivulini. Mwanangu alikaa kivulini wiki ya kwanza yote sababu baba yake aliona kofia ni urembo.

Vegemite je?

Ni kitu cha kupaka kwenye mkate, mabaki ya hamira ya kutengenezea bia, ilianza kuuzwa Melbourne 1923. Nyeusi, chumvi, kama mchuzi wa soya ulioganda. Siagi kwanza afu unapaka kidogo sana, kama unapaka Vicks. Wanaokupa kijiko kizima wanakufanyia yale ya drop bear.

## Kazi, heshima na kujuana

Kweli bosi anaitwa kwa jina lake?

Kweli, na hili ndo lilinisumbua kuliko nyoka wote. Meneja umri wa baba yangu, mvi kichwa kizima, ananiambia niite Greg tu, au tuseme jina kama hilo. Mdomo ulikua hautaki. Nilikua namwita "sir" anageuka nyuma kuangalia nani mwingine kaingia, mwisho akaniambia nikiendelea atadhani kuna matatizo. Kwao heshima iko kwenye kufika kwa wakati, kufanya ulichosema, na kutojikweza. Kwetu iko kwenye maneno na magoti. Nyumbani bado naamkia shikamoo, kazini ni Greg, nimezoea kubadilisha kama mtu anavyobadilisha viatu mlangoni.

Kwa hiyo hakuna matabaka, wote sawa?

Wanapenda kujiona hivyo. Kulikua na desturi ya mwanaume akiwa peke yake kwenye teksi kukaa mbele na dereva, kukaa nyuma ni kujifanya bosi, na hata leo wapo wanaopanda mbele. Mtu anayejisifu anapigwa chini haraka, wanaita "tall poppy", ua lililorefuka kuliko mengine linakatwa. Kwa hiyo kwenye intavyuu sema ulichofanya bila kupamba, na usijidharau pia.

Ila uliza nyumba ni bei gani upande wa mashariki ya Melbourne na magharibi yetu, uliza mtu kasoma shule gani, utaona matabaka yapo palepale yamevaa ndala tu. Tena wana neno, "bogan", kwa mtu wanayemuona hana ustaarabu, wa mitaa ya pembeni. Watu wa mitaa yangu wanalitumia kujitania wenyewe, wewe mgeni liache.

Footy ni mpira gani?

Inategemea umesimama wapi. Melbourne, Adelaide na Perth ni ule wa mipira ya mviringo iliyochongoka, watu 18 kila upande, uwanja mkubwa wa duara, ule wa MCG wa Melbourne peke yake unabeba watu kama laki moja. Sydney na Brisbane ukisema "footy" wengi wanaelewa ragbi ya ligi ya NRL. Mpira wetu unaitwa "soccer". Chagua timu mapema, usipokua nayo Jumatatu kazini huna cha kuongea. Na tahadhari: usiseme "I root for" timu fulani kama Wamarekani, hilo neno huku ni la chumbani na watu watacheka mpaka watoke machozi.

Timu ya taifa ya soka ina habari yetu ndani yake. Awer Mabil alizaliwa kambi ya Kakuma, Kenya, na Juni 2022 alifunga moja ya penalti zilizoitoa Peru na kuipeleka Australia Kombe la Dunia. Siku ile meseji za Kiswahili zilijaa simu yangu kuliko Idi.

Nasikia kupiga kura ni lazima?

Kwa raia, ndiyo, tangu 1924 kwa uchaguzi wa taifa, na usipopiga bila sababu faini ni dola 20. Inafanyika Jumamosi, mashuleni, na wazazi wanachoma soseji nje kuchangisha pesa za shule, wanaita "democracy sausage". Hakuna tarumbeta, hakuna pilau ya mgombea. Soseji unanunua mwenyewe.

## Mambo mazito na yasiyo na jibu moja

Wenyeji wa asili wako wapi kwenye hadithi zote hizi?

Swali zuri, maana kwenye zile picha za kofia na bia hawapo. Wako hapa zaidi ya miaka 60,000, na wazungu walipofika zilikuwepo lugha zaidi ya 250. Baadhi ya misimu inayoonekana ya kizungu ni yao: "yakka", kazi ngumu, ni ya Kiyagara, watu wa eneo la Brisbane, na "cooee", mwito wa porini, ni ya Kidharug, upande wa Sydney. Wengi wanaishi mijini kama mimi na wewe. Kuna kifupisho cha zamani cha herufi tatu cha kuwaita, utakikuta kwenye vitabu vya zamani, usikitumie, ni tusi. Wengi wenyewe wanasema "mob" kwa maana ya jamaa zangu, watu wangu, na swali "who's your mob?" ni kama sisi kuulizana wewe wa wapi, ukoo gani.

Tarehe 26 Januari ni sikukuu ya taifa, kwa wengi wao ni siku ya maombolezo. Usiende kazini na bendera shavuni kabla hujajua uko na nani.

Ni wabaguzi?

Historia ipo wazi. Mwaka 1901 walipitisha sheria ya kuzuia wasio wazungu kuingia nchini, na kifaa chake kilikua mtihani wa imla: afisa alikuchagulia lugha yoyote ya Ulaya, anayetakiwa kuzuiwa anapewa asiyoijua. Mwaka 1934 walimpa mwandishi Egon Kisch, aliyejua lugha kadhaa, imla ya Kigaeli cha Scotland, na mahakama kuu ikaja kusema hiyo sio lugha ya Ulaya kwa maana ya sheria ile. Yani lugha yenyewe ndo ilikua geti. Sera hiyo ilifutwa kabisa 1973 na sheria ya kupinga ubaguzi ikaja 1975.

Leo? Kutukanwa hadharani nimetukanwa mara mbili kwa miaka tisa, zote kwenye treni usiku. Kinachochosha zaidi ni kimyakimya, sivii isiyojibiwa, nyumba ya kupanga ambayo "imeshachukuliwa" ukifika. Mwaka 2018 hapa Melbourne magazeti na wanasiasa walipiga kelele sana za "magenge ya Kiafrika", mpaka mwanangu akaacha kuvaa kofia ya sweta. Na watu walewale wa mtaani ndo walituletea chakula mke wangu alipojifungua. Yote mawili ni kweli na sina namna ya kuyafanya yawe moja.

Nikifika nianze kuongea kama wao?

"Arvo" na "no worries" zitakuja zenyewe. Ila "crikey", "strewth" na "fair dinkum" ziache, vijana hawazisemi, mgeni akizisema anaonekana anaigiza. Matusi pia, utasikia mtu anamtukana rafiki yake kwa upendo na anaongea na adui kwa adabu. Wewe huna bado kipimo, nyamaza mwaka mmoja kwanza.

Kiswahili kitanisaidia kitu?

Zaidi ya unavyodhani. Wakongo, Warundi na Wakenya wapo wengi, kanisani na msikitini utakuta Kiswahili cha kila rangi, shirika la utangazaji la SBS lina kipindi cha Kiswahili, na hospitali au ofisi ya serikali unaweza kuomba mkalimani kupitia TIS, huduma ya wakalimani kwa simu, namba 131 450, usione aibu hata kama Kiingereza unajua, ukiwa mgonjwa kinakukimbia. Dharura yenyewe ni 000.

Na tulishafika, kwa namna fulani. Mwaka 1944 askari mmoja aliokota kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini kabisa, sarafu za shaba za Kilwa, tano. Zilifikaje hakuna aliyethibitisha. Ukiulizwa "where are you from, originally?" na ukawa umechoka, wape hiyo.

Nikihamia mji mwingine, maneno yanabadilika?

Ya kazini sio sana, rudi swali la wiki mbili hapo juu. Ya tumboni yanabadilika. Glasi ya bia ya mililita 285 Melbourne ni "pot", Adelaide ni "schooner", ukiomba "schooner" Sydney unapewa ya 425. Na kile kipande cha kiazi kilichochovywa unga kikakaangwa, Melbourne ni "potato cake", Sydney ni "scallop", Adelaide ni "fritter", na kila mmoja anaamini wenzake wamepotea. Mimi nilisimama Sydney nikaomba "potato cake", foleni nzima ikageuka. Siku hizi nikiwa safarini nanyoosha kidole kwenye kioo nasema "two of those, mate".